Meza ya Mbao za Kitanda

Wiki nzima mmenikalia kooni. Mmenipigia simu, mmenisimamisha kanisani, mmoja wenu kanifuata mpaka ndani ya treni na mtoto mgongoni: Fébronie alijibu nini? Haya, tulieni, nawajibu. Ila msije mkasema sikuwaonya, maana jibu lenyewe halifurahishi.

Kwa aliyetukosa: tuko Bredäng, kusini mwa Stockholm, Jumamosi ya Agosti mwaka 2012. Soko la wakulima limefurika mbele ya stesheni. Fébronie, mjane wa Jean-Bosco, yuko nyuma ya meza yake anauza lengalenga, ule mchicha wa kwao Burundi. Mbele yake amesimama wifi yake Laurentine, dada wa marehemu. Katoka Alby kwa treni, mkoba mkononi, hasira kifuani.

Laurentine alikuwa ameuliza swali. Tena aliliuliza kwa Kiswahili makusudi, akakiacha Kirundi chao, ili Wakenya na Wakongo wa meza za jirani wasikie vizuri.

"Wifi, haya majani nani kayapanda? Ni weye umepanda na matanga ya ndugu yangu hayajaondolewa? Ao si mali yako? Sema moja."

Hapo ndipo nilipowaacha. Sasa angalieni mwanamke huyu alivyobanwa.

Kwao, nyumba iliyofiwa haitii mbegu ardhini mpaka matanga yaondolewe. Jembe linalala. Mke halimi, mtoto halimi. Jean-Bosco alifariki Machi, na kuondoa matanga kulikuwa kunamsubiri kaka mkubwa, Callixte, aje kutoka Ngozi, mji wa kwao Burundi, na viza ya Callixte ilikuwa haijatoka. Soko nalo lina sheria yake moja tu, na haina huruma: anayeuza awe ndiye aliyepanda.

Akisema "nimepanda mimi", amemvunjia heshima mumewe mbele ya Warundi wote. Akisema "si mimi", meza imekwenda.

Na meza ile, wapenzi wasomaji, si meza. Jean-Bosco kazikwa Ngozi, huko mbali. Hapa Stockholm Fébronie hana kaburi la kulilia. Ana ile meza.

"Sema basi!" Laurentine alirudia.

Wateja waliokuwa kwenye foleni wakaanza kutazamana. Bibi mmoja wa Kiswidi akarudisha fungu lake mezani taratibu.

Hapo ndipo Dorothy alipoingilia. Dorothy ni Mkenya, anauza mayai meza ya pili, na anampenda Fébronie kama dada wa tumbo moja. Alimwona Rebecka, mwenyekiti wa soko, anakuja mbio kuona kelele ni za nini. Akamkimbilia, akaona hapa ndipo pa kumwokoa rafiki yake.

"Rebecka, usikasirike," Dorothy alimwambia kwa Kiswidi. "Ni mambo ya msiba tu. Kwao mjane haruhusiwi kupanda kitu mpaka matanga yaishe. Huyu mama hajagusa udongo tangu mumewe afariki. Muonee huruma."

Lo! Dorothy, Dorothy! Nia njema, lakini angalia ulichofanya.

Rebecka alisimama. Akayatazama mafungu ya lengalenga, mabichi, yanang'aa maji. Akamtazama Fébronie.

"Hajagusa udongo?" aliuliza polepole. "Basi haya kapanda nani?"

Dorothy akajiziba mdomo kwa mkono. Alikuwa amechelewa.

Nyuma ya Fébronie alikuwa amesimama binti yake, Natacha, mtoto wao wa pekee, aliyezaliwa hapa hapa mwaka waliofika. Natacha alivuta pumzi ili aseme. Mama yake, bila kugeuka, akamkanyaga mguu. Alimkanyaga kwa nguvu.

"Fébronie," Rebecka alisema, "ni wewe uliyepanda?"

"Hapana."

"Ni nani?"

"Nimenunua," Fébronie alisema. "Nilinunua kwa watu. Nikayaleta hapa nikauza kama yangu."

Hata Laurentine, aliyekuja kutafuta ugomvi, alionekana kupungukiwa na upepo.

Na mimi nawaambia sasa, kabla hamjaanza kumlaumu: ule ulikuwa uongo. Fébronie hakununua hata jani moja. Alikuwa anamjua aliyepanda, na ndiyo maana alidanganya.

Kabla sijawaingiza kwenye kikao walichoitisha wenye meza jioni ile, acheni niwarudishe nyuma kidogo. Bila hiyo hamtaelewa kwa nini Rebecka alilia.

Mwaka 2001 soko hili lilikuwa meza tatu. Tatu tu, kwenye upepo, na njiwa wengi kuliko wateja. Moja ya Rebecka, aliyekuwa anatoka shambani kwao na viazi na karoti. Moja ya mzee Aron wa asali. Ya tatu ya Jean-Bosco, dereva wa basi, Mrundi mwembamba aliyekodi kipande cha bustani nyuma ya majengo na kukijaza lengalenga, maharage na maboga.

Hakuwa na meza. Basi alichukua kitanda cha kwanza walichopewa na kanisa walipofika Sweden, kile alichonyonyeshewa Natacha, akakipasua mbao, akaunda meza. Fébronie alilala chini na mtoto siku kadhaa na akagomba kweli kweli.

"Umeuza usingizi wangu kwa sababu ya majani!"

"Subiri," Jean-Bosco alimwambia. "Watakuja."

Mwanzoni hawakuja. Waswidi walipita, wakaangalia lengalenga, wakauliza kama ni chakula cha sungura. Jean-Bosco akaleta jiko dogo la gesi, akakaanga na kitunguu pale pale, akawapa waonje kwa kijiko. Natacha alikuwa anakaa chini ya meza na midoli yake, akihesabu viatu vya watu.

Watu wakaanza kurudi. Kwanza Wakongo wa Fisksätra, waliovuka mji mzima kufuata majani ya maboga. Kisha Wakenya. Kisha Waswidi wenyewe, wa mjini, na vikapu vyao, wakishuka kwenye treni ya mstari mwekundu katika stesheni ambayo zamani walikuwa wanaipita bila kuinua macho. Meza zikafika mpaka kwenye ngazi za shule. Zikaja jibini, zikaja mikate, ikaja foleni ya watu wanaotaka nafasi.

Wakaja na wajanja. Jamaa mmoja alileta nyanya akasema kazilima mwenyewe. Jean-Bosco akaokota nyanya moja, akabandua kile kikaratasi cha Hispania, akambandika jamaa kwenye aproni. Watu walicheka mpaka machozi. Lakini Jean-Bosco hakucheka. Jioni ile ile aliwakusanya wenzake akasema soko litakufa kama halina sheria, na sheria ni hii: anayeuza awe ndiye aliyepanda, na atakayedanganya aondoke, hata akiwa nani.

Mmeelewa? Sheria iliyomkaba mjane, aliitunga marehemu.

Mzee Aron alipofariki, Jean-Bosco na Fébronie walikwenda kumzika. Pale makaburini waliona makopo ya kumwagilia maji yametundikwa kwenye fito, na bomba karibu, kwa yeyote mwenye mtu wake. Jean-Bosco alisimama akayatazama sana. Akachukua kopo moja, akajaza, akamwagilia maua ya Aron, na ya jirani yake Aron asiyemjua.

"Angalia, mke wangu," alisema. "Hawa hawajui kulia, lakini wanajua kumwagilia."

Likumbukeni neno hilo.

Baadaye saratani ikamkamata. Ikawa hospitali na nyumbani, nyumbani na hospitali. Kila Fébronie alipouliza, mumewe alimjibu lile lile: "Kufika sikukuu ya katikati ya kiangazi nitakuwa nyuma ya meza." Fébronie akaamini. Akamshonea aproni mpya. Machi ikafika, na aproni ile haikuvaliwa.

Walimpeleka Ngozi. Ndugu wa huko walimtaka, Laurentine alisimamia kila kitu, jamaa wa Alby na Bredäng na Fisksätra walichanga. Fébronie alikuwa kama mtu aliyepigwa nyundo, akiambiwa kaa anakaa, akiambiwa panda ndege anapanda. Natacha alibaki na mitihani yake.

Aliporudi, Fébronie alijilaza kitandani, akageukia ukuta, Aprili ikapita, na Mei, na Juni. Alijua meza ikikaa tupu msimu mzima hupewa mtu mwingine. Alijua, na akasema moyoni, ichukueni.

Julai akaenda bustanini kuchukua jembe la mumewe, aagane napo. Akafungua kigeti. Bustani ilikuwa imejaa kijani, mpaka kwenye uzio.

Alikaa chini kwenye njia akalia kwa sauti. Kisha akafuta uso akaangalia vizuri. Mistari ilikuwa imepinda. Mbegu zilimwagwa nyingi mahali pamoja, kama zinavyomwagwa na mtu asiyejua. Na kwenye mti mmoja wa maharage, badala ya kamba, palikuwa pamefungwa bendi ya nywele ya rangi ya njano.

Akarudi nyumbani, hakusema. Natacha naye hakusema. Jumamosi iliyofuata mama akavuna, akaenda sokoni. Walikaa hivyo wiki baada ya wiki, mama na mtoto, wakila meza moja, kila mmoja anajua, hakuna anayefungua mdomo. Nyumba ya msiba ina ukimya wake.

Sasa twendeni kikaoni.

Soko lilipofungwa, wenye meza walikusanyika kwenye chumba nyuma ya maktaba. Kahawa ilikuwepo, hakuna aliyeigusa. Laurentine naye aliingia, hakuna aliyemwalika na hakuna aliyethubutu kumtoa. Alikaa karibu na mlango akikumbatia mkoba.

Rebecka alisimama mbele. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mnajua kwa nini tuko hapa. Fébronie amesema mwenyewe, mbele ya wateja, kwamba amenunua. Sheria yetu..." Akafuta macho. "Sheria yetu mnajua ni ya nani."

"Rebecka, wacha nikwambie," Dorothy alidakia. "Kosa ni langu. Mdomo wangu huu. Huyu ni mama ako na msiba, hajielewi. Mpe onyo, yaishe."

"Yule wa nyanya tulimpa onyo?"

Dorothy akavuta kiti. Akakaa.

"Fébronie, una neno?"

Fébronie alisimama. Alikuwa amevaa kitambaa cheupe cha msiba kichwani.

"Sina," alisema. "Mume wangu alisema adanganyaye aondoke, hata akiwa nani. Mimi ni nani? Chukueni meza. Naomba mbao zake tu. Zilikuwa kitanda changu."

Jamani, nilisema sitalia nikiandika hapa.

Rebecka alifungua mdomo atoe uamuzi, na sauti ikatoka nyuma ya chumba.

"Jag sådde."

Watu wakageuka. Natacha alikuwa amesimama, mikono imebana nguo.

"Mimi ndiye niliyepanda," alirudia, mara hii kwa Kiswahili, akimtazama shangazi yake. "Kila kitu. Mama hajanunua kwa mtu."

"Eh Mungu wangu!" Laurentine aliruka kwenye kiti. "Mtoto wa marehemu mwenyewe? Umepanda na baba yako hata majani hayajaota juu ya kaburi? Unaita kifo kingine nyumbani!"

"Anadanganya!" Fébronie alipaza sauti, na watu wote wakashtuka maana hawajawahi kumsikia akipaza sauti. "Mtoto ananitetea. Msimsikilize! Nimenunua mimi, nimesema nimenunua!"

Mnaona sasa? Alikuwa tayari kuitwa mwongo na mwizi na soko zima, mradi asisikie mtoto wake akiitwa mwenye mkosi na ukoo mzima.

Natacha alimgeukia mama yake. Hakubishana. Aliuliza tu.

"Mama, ule mti wa maharage karibu na bomba umefungwa na nini?"

"Na bendi yako ya nj..."

Fébronie akakatika katikati. Akajishika mdomo.

Chumba kizima kilisikia. Rebecka akaketi kama mtu aliyetuliwa gunia mgongoni, machozi yakamtoka waziwazi.

"Basi ni ya nyumba moja!" Dorothy alipiga makofi. "Mtoto kapanda, mama kauza! Meza imepona!"

Watu wakaanza kucheka kwa nafuu, mmoja akamimina kahawa. Laiti ningeishia hapo. Lakini kuna mzee anaitwa Eliud, wa uyoga, mtu asiye na ubaya wowote ila akili yake haipumziki.

"Samahani," Eliud alisema. "Lakini wateja walimsikia. Foleni nzima ilimsikia akisema amenunua na kuuza kama yake. Jumamosi ijayo wakimkuta pale pale, watasema nini juu yetu sisi wote?"

Kicheko kikafa.

Walijadiliana mpaka jua likashuka kwenye madirisha. Mwishowe Rebecka alisimama tena, akasema maneno yaliyomuuma, niliona yalivyomuuma.

"Meza inabaki. Inakuwa ya aliyepanda. Natacha, ni yako. Lakini Fébronie..." Alishindwa kumtazama. "Huwezi kusimama nyuma yake. Mpaka kiangazi kijacho watu wasahau."

Fébronie alitikisa kichwa kukubali. Kisha akauliza, kwa adabu kabisa, kama anayeomba ruhusa ya kupita:

"Makreti naweza kubeba?"

"Kubeba unaweza," Rebecka alisema, akatoka nje haraka.

Walibaki watatu uwanjani. Soko lilikuwa limefagiliwa, njiwa wamerudi, meza ya mbao za kitanda imesimama peke yake karibu na mlango wa stesheni. Natacha alikuwa anapanga mafungu yaliyobaki kwenye kreti. Fébronie alisimama upande wa wateja, akiitazama meza yake kutoka upande ambao hajawahi kuitazama.

Laurentine hakuondoka. Alikuwa na neno lake na ilikuwa lazima aliseme.

"Meza mmepata. Vizuri. Ila mjue mmeipata juu ya mgongo wa ndugu yangu. Jamais, kamwe! Nitampigia Callixte leo. Nitamwambia mtoto ameshindwa kusubiri hata baba yake apoe."

"Mwache mtoto," Fébronie alisema.

"Simwachi! Nani alimtuma?"

"Papa," alisema Natacha.

Alimtaja baba yake kimya kimya, akiendelea kupanga majani. Wale wanawake wawili wakamgeukia.

"Nini?"

"Papa alinituma. Mbegu ni zake. Alinipa hospitalini, kwenye soksi." Akaweka fungu jingine kwenye kreti. "Alisema, 'Mama yako hatapanda, atafuata desturi, na ana haki. Wewe panda. Nisipokuwepo, awe na mahali pa kusimama.' Nyingine niliziotesha dirishani chumbani kwangu. Mama alikuwa amelala upande wa pili wa ukuta."

Fébronie alishika ukingo wa meza.

"Alisema lini?"

Natacha akainamia kreti.

"Natacha. Lini?"

"Januari."

"Januari?" Fébronie alirudia. "Januari alikuwa ananiambia atapona. Januari nilikuwa nashona aproni."

"Madaktari walikuwa wamemwambia, Mama. Alijua. Aliniomba nisiseme. Alisema hawezi kukuangalia ukilia."

Wasomaji wangu, kuna wanaume wanaodhani wanawahurumia wake zao. Jean-Bosco alikuwa mtu mwema, nimemsifu tangu sura ya kwanza na simgeuki leo. Lakini alimnyima mkewe kitu kimoja, nafasi ya kumuaga. Mama huyu alikaa kando ya kitanda miezi ile yote akizungumza habari za katikati ya kiangazi, na wawili waliokuwa naye chumbani walijua mgonjwa hataifikia.

Fébronie hakulia. Aliona aibu kulia mbele ya wifi. Akauliza tu, kwa sauti ya chini:

"Kuna kingine alichokuambia?"

"Mamma, snälla..." Natacha alirudi kwenye Kiswidi, kama afanyavyo akitaka kukimbia. Mama, tafadhali.

"Kuna kingine?"

Natacha aliacha majani. Akaweka mikono yote miwili juu ya mbao.

"Alisema asipelekwe."

"Asipelekwe wapi?"

"Ngozi. Alisema azikwe hapa. Alisema azikwe pale alipozikwa mzee Aron, penye makopo. Alisema, 'Mama yako anajua kumwagilia.'"

Treni iliingia stesheni, ikafungua milango, ikafunga, ikaondoka. Hakuna kati ya watatu wale aliyesogea.

"Na wewe," Fébronie alisema, "ulikaa kimya? Umenitazama nampandisha baba yako ndege, ukakaa kimya?"

"Sikukaa kimya!" Natacha alipiga kelele. "Nilisema! Siku ile nyumba imejaa watu, wewe ulikuwa chini kwenye godoro, hata jina langu hulisikii. Nilisema jikoni. Nilimwambia Tantine."

Taratibu, Fébronie akamgeukia shangazi mtu.

Laurentine, aliyekuwa ametoka Alby na maneno ya kutosha kulisimamisha soko zima, alikuwa anatazama chini. Mkoba ulikuwa umemteleza mpaka kwenye kiwiko.

"Laurentine. Alikuambia?"

Laurentine akaupandisha mkoba begani.

"Dada wa mume wangu, nakuuliza. Ulijua hataki kwenda, ukampeleka?"

"Alikuwa ndugu yangu," Laurentine alisema, uso umejaa machozi, "kabla hajawa bwana yako. Mama yetu yuko hai, wifi. Mama yetu alisema anataka kumwona mtoto wake. Ningemwambia nini? Kwamba yeye alichagua baridi?"

Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu sura ya kwanza, nilishindwa kumchukia Laurentine.

Fébronie akaachia ukingo wa meza. Kisha akainua mikono, akafungua fundo la kitambaa cheupe kichwani, akakivua. Akakikunja vizuri, pembe kwa pembe, akakiweka juu ya mbao za kitanda chake cha zamani.

"Wifi! Unafanya nini? Matanga hayajaondolewa! Callixte hajafika!"

"Mwambie Callixte asihangaike na viza," Fébronie alisema. "Asije. Mimi nakwenda."

"Kwenda wapi?"

"Ngozi."

"Kufanya nini Ngozi? Alishazikwa!"

Fébronie alichukua kopo la maji ambalo Natacha hulitumia kunyunyizia majani yasinyauke, akalikumbatia kifuani kama mtu anayekumbatia mtoto wa mwenzake.

"Kumleta," alisema.